Sakata ya Figo Eldoret: Picha ya Kwanza Iko kwa Nani?

Tangu Aprili 2025, jiji la Eldoret halitajwi tena kwa mbio na mahindi pekee. Uchunguzi wa pamoja wa vyombo vya habari vya Ujerumani, yaani DW, jarida la Der Spiegel na runinga ya ZDF, ulieleza jinsi vijana maskini wa magharibi mwa Kenya walivyouza figo zao kwa wagonjwa wenye uwezo kutoka Ujerumani, Israeli na kwingineko, na upasuaji ukafanyika katika hospitali ya Mediheal jijini humo. Kijana mmoja aliahidiwa dola 6,000, akaambulia 4,000. Wanunuzi, kwa mujibu wa uchunguzi huo, walilipa hadi dola 200,000. Siku hazikupita nyingi, Waziri wa Afya Aden Duale akasimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali hizo na kuunda kamati huru chini ya Profesa Elizabeth Bukusi, ambayo ilikabidhi ripoti yake Julai mwaka huo huo. Mwanzilishi wa hospitali hiyo, Dkt. Swarup Mishra, aliyewahi kuwa mbunge wa Kesses, amekanusha kuhusika na biashara ya viungo vya binadamu.

Mjadala uliofuata sote tuliusikia. Pesa. Nani alikula, nani aliliwa, nani wizarani aliambiwa mapema akanyamaza. Ni maswali ya haki na yafaa yajibiwe mahakamani, maana Sheria ya Afya ya 2017 inaifanya biashara ya viungo kuwa kosa la jinai lenye faini ya hadi shilingi milioni 10 au kifungo cha hadi miaka 10. Ila katika kelele zote hizo kuna swali moja ambalo sikulisikia likiulizwa vya kutosha, nalo ni la kitabibu kuliko la kisiasa: hizo figo ziko katika hali gani leo? Ile iliyopandikizwa kwa mnunuzi, na ile moja iliyobaki kwa aliyeuza, nani anazitazama?

Nasema kutazama kwa maana yake halisi. Figo iliyopandikizwa inatazamwa kwa mashine. Na hapa ndipo habari ya Eldoret inapotugusa sisi wa Pwani, ambao tunadhani ni mambo ya huko bara.

Fungua simu yako uangalie makundi ya WhatsApp ya mtaani. Hutakosa tangazo la mchango wa mgonjwa wa figo: picha yake, jina la hospitali ya Nairobi, Eldoret au India, na kiasi kinachotafutwa. Kiasi hicho ni cha upasuaji na nauli. Sijaona hata tangazo moja lililoweka fungu la miaka miwili ya kufuatiliwa baada ya kurudi. Watu wanachanga, mgonjwa anasafirishwa, anarudi amenawiri, dua inasomwa, na kundi linahamia kwa mgonjwa mwingine. Kwa wanakundi, safari imekwisha. Kwa figo ile ndiyo kwanza inaanza.

Upasuaji wenyewe una mambo ambayo wengi hawayajui, na ni vyema tuyajue kabla hatujaendelea. Kwa kawaida daktari haondoi figo zilizokufa. Anaziacha pale pale mgongoni zilipo, na ile mpya anaiweka mbele, chini ya tumbo, upande wa kulia au kushoto karibu na nyonga. Mshipa wake wa damu unaunganishwa na ule mkubwa unaoteremka mguuni, na mrija wake wa mkojo unashonewa kwenye kibofu. Kwa hiyo mtu aliyepandikizwa mara nyingi ana figo tatu, mbili zilizosinyaa na moja inayofanya kazi, ambayo iko juu juu kiasi kwamba ukipapasa unaweza kuihisi.

Mahali hapo panasaidia na panaponza. Panasaidia kwa sababu altrasaundi, ile mashine inayotumiwa kutazama mimba, inaiona figo hiyo vizuri bila mifupa wala hewa nyingi ya matumbo kuizuia. Haina miale ya kudhuru, na inaweza kusukumwa hadi kitandani. Panaponza kwa sababu mpiga picha ambaye hakuambiwa habari za mgonjwa anaweza kwenda moja kwa moja mgongoni, akazipima zile mbili zilizosinyaa, akaandika kwamba mgonjwa ana ugonjwa sugu wa figo. Jambo ambalo mgonjwa mwenyewe alilijua tangu zamani!

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Figo iliyohamishwa imekatwa neva zake. Haiumi kama figo yako na yangu. Jiwe au kovu likiziba mrija wa mkojo wa figo ya kawaida, mtu hujipindapinda kwa maumivu usiku kucha na asubuhi yuko hospitali. Figo ya kupandikizwa ikizibwa, inajaa mkojo, inavimba kama puto, inaanza kufa, na mwenyewe anaendelea kula chakula cha jioni bila kuhisi lolote. Atajua damu itakapopimwa na kiwango cha kreatinini kionekane kimepanda, na hata hapo kipimo cha damu kitamwambia tu kwamba kuna tatizo, hakitamwambia ni lipi. Picha ndiyo inayosema kwa niaba ya kiungo kisichoweza kulia.

Tatizo lenyewe linabadilika kadiri siku zinavyokwenda. Katika saa na siku za kwanza hofu kubwa ni damu: ama inavuja pembeni ya figo na kuganda kuwa donge, ama mshipa unaziba. Ukiziba ule unaorudisha damu kutoka kwenye figo, hakuna kusubiri kesho. Mgonjwa arudi chumba cha upasuaji wakati huo huo, au figo ipotee. Katika wiki mbili za mwanzo mkojo unaweza kuvuja pale mrija uliposhonewa kwenye kibofu. Baada ya mwezi mmoja au miwili huja dimbwi la maji ya limfu, ambayo hujikusanya taratibu kando ya figo, yakakandamiza mrija wa mkojo au mshipa wa mguu. Ndiyo maana mtu aliyepandikizwa akivimba mguu mmoja, ule wa upande wa figo mpya, hafai kuambiwa apake dawa ya kuchua.

Kwenye skrini ya altrasaundi madimbwi haya yote, damu, mkojo, limfu na hata usaha, yanaweza kufanana, mabaka meusi kando ya figo. Anayeyatofautisha ni kalenda kwanza: yametokea lini tangu upasuaji? Kisha sindano, inayoongozwa na mashine hiyo hiyo, inavuta kiasi kidogo cha maji yakapimwe. Kreatinini ikiwa nyingi mno kuliko iliyo kwenye damu, huo ni mkojo. Unaona hapo kwamba mpiga picha asiyejua tarehe ya upasuaji amenyimwa nusu ya jibu.

Kuna na kijirija cha plastiki. Madaktari wengi hukiweka ndani ya mrija wa mkojo wakati wa upasuaji ili kiungo kipone bila kuziba, na hutakiwa kutolewa baada ya wiki kadhaa. Hakionekani kwa nje na mara nyingi hakisumbui. Mgonjwa aliyeondoka hospitali haraka bila kuelezwa anaweza kukaa nacho mwaka mzima, kikajenga mawe, kikaleta maambukizi, hatimaye kikaziba njia kile kile kilichowekwa kuizibua. Eksirei ya kawaida ya tumbo inakionyesha waziwazi. Ila ni lazima awepo mtu anayejua kwamba kuna kitu cha kutafuta.

Zipo pia hitilafu zinazochukua miezi. Mshipa unaoipelekea figo damu unaweza kusinyaa pale uliposhonewa, kwa kawaida kati ya mwezi wa tatu na mwaka wa pili. Ishara yake ni presha inayokataa kushuka. Fikiria sasa mgonjwa huyo yuko nyumbani, anakwenda zahanati ya karibu, anapimwa presha, anaongezewa dawa. Wiki mbili baadaye anaongezewa nyingine. Baadhi ya dawa za presha, kwa mtu ambaye mshipa huo umesinyaa, huishusha zaidi kazi ya figo. Na wakati wote huo hitilafu ni ya fundi bomba, inayoweza kutibiwa kwa kupitisha kipulizo chembamba ndani ya mshipa na kuupanua, bila hata kufungua tumbo.

Hitilafu hii hugunduliwa kwa kipimo kinachoitwa Doppler, kwa jina la Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria aliyeeleza kanuni yake mwaka 1842. Kanuni yenyewe umeisikia mara nyingi ukiwa kando ya barabara ya Nyerere kuelekea feri ya Likoni: king'ora cha ambulensi kinalia kwa sauti nyembamba kikija, na nzito kikishapita. Mashine inapeleka sauti isiyosikika kwenye damu inayokimbia, inapokea mwangwi, na kwa kubadilika kwa mwangwi huo inahesabu kasi ya damu. Mahali penye upenyo mwembamba damu hukimbia zaidi, kama maji unapobana mdomo wa mpira wa bustani. Kasi ikipita mita 2.5 hadi 3 kwa sekunde kwenye mshipa wa figo mpya, daktari ana sababu ya kushuku. Na pale ambapo damu, badala ya kusonga mbele kati ya mapigo mawili ya moyo, inarudi nyuma, hiyo yaweza kuwa ishara ya mshipa wa kutolea damu ulioziba, ile dharura niliyoitaja.

Nisije nikaipamba mashine kupita kiasi. Kuna jambo kubwa ambalo haiwezi kulithibitisha, nalo ndilo wagonjwa wanaloliogopa zaidi: mwili kuikataa figo. Figo inayokataliwa inaweza kuvimba na mtiririko wa damu ukaonekana mgumu, lakini figo iliyochoshwa tu na upasuaji huonekana hivyo hivyo, na wakati mwingine figo inakataliwa huku picha yake ikiwa safi kabisa. Jibu hutolewa na biopsi, yaani kipande kidogo cha figo kinachochukuliwa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini. Altrasaundi hapo inabaki kuwa jicho la kuiongoza sindano, na baadaye kuhakikisha sindano haikuacha jeraha kwenye mishipa. Kwa hiyo ukisikia mtu amerudi na karatasi ya picha akisema figo haijakataliwa kwa sababu mashine imesema iko sawa, mwambie arudi kwa daktari.

Na mashine kubwa zaidi je? Wengi wetu tunaamini CT na MRI ni bora kwa sababu ni ghali. Kwa figo hii si lazima iwe hivyo. CT ya mishipa hutumia dawa ya rangi inayoweza kuidhuru figo ambayo tayari ni dhaifu. Baadhi ya dawa za zamani za MRI, zenye gadolinia, zilihusishwa na ugonjwa mbaya wa ngozi na viungo kukakamaa kwa watu ambao figo zao zimeshindwa, ingawa za sasa ni salama zaidi. Vipimo hivyo vina nafasi yake, hasa kabla ya kumpasua mgonjwa tena. Lakini vya kwanza si hivyo. Cha kwanza ni ile mashine ndogo iliyopo, au inayotakiwa kuwepo, kwenye kila hospitali ya kaunti.

Sasa turudi Uasin Gishu. Chukua kijiji cha Chepsaita, upande wa Turbo, ambacho wapenda riadha wanakijua kwa mbio zake za nyika. Mgonjwa wa Chepsaita aliyepandikizwa figo Eldoret, tuseme katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi ambayo imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, akiamka mguu umevimba, anapanda matatu na adhuhuri haijafika yuko mbele ya watu waliomshona. Faili lake lipo. Zaidi ya faili, ipo picha ya kwanza, ile iliyopigwa siku moja au mbili baada ya upasuaji: figo ina urefu gani, mishipa mingapi, damu inakwenda kwa kasi gani, kuna dimbwi au hakuna. Kila picha itakayofuata inasomwa kando ya hiyo. Dimbwi la sentimita tatu ambalo lilikuwepo tangu mwanzo na halijakua ni habari moja. Dimbwi la sentimita tatu ambalo juzi halikuwepo ni habari nyingine kabisa, na mashine pekee haiwezi kuzitofautisha habari hizi mbili. Inayozitofautisha ni ile picha ya zamani.

Kijana wa Oyugis, kaunti ya Homa Bay, hayuko Chepsaita. Mtafiti Willis Okumu wa Taasisi ya Masomo ya Usalama aliiambia DW kwamba, kwa makadirio yake, huenda vijana wapatao mia moja wameuza figo katika mji huo mmoja, na kwamba wengi wana matatizo ya kiafya na msongo wa mawazo. Mtoaji figo halali, ndugu aliyempa ndugu yake, hupimwa kabla kwa CT ya mishipa ili ijulikane figo ipi itolewe, maana si haba walio na mishipa zaidi ya mmoja kwenye figo moja, na kwa kawaida hupendelewa ya kushoto kwa kuwa mshipa wake wa kurudishia damu ni mrefu na rahisi kuunganisha. Baada ya kutoa, mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa 2017 unataka afuatiliwe angalau mara moja kwa mwaka: presha, kreatinini, protini kwenye mkojo. Altrasaundi si ya kila mwaka kwake, ila akilalamika maumivu kwenye kovu au homa isiyoeleweka, ndiyo itakayoonyesha kama kuna damu iliyoganda, usaha, au misuli iliyoachana ikaleta ngiri.

Yule aliyeuza atakwenda kulalamika wapi? Akisema ukweli hospitali, ameungama kosa la jinai. Akinyamaza, daktari wa Oyugis atamtibu kama mtu mwenye figo mbili. Atamwandikia dawa za maumivu ambazo si rafiki wa figo, kama vile diklofenaki na ibuprofeni, bila kujua kwamba hakuna akiba. Mashine ingemfichulia daktari kwa dakika tano: upande mmoja mtupu, upande wa pili figo iliyokua kuliko kawaida, kwa sababu figo iliyobaki huongezeka ukubwa ikijaribu kubeba kazi ya mbili. Kwa hakika wachunguzi nao wangeweza kuutumia ushahidi huo, japo wasiutegemee peke yake, kwani wapo watu wanaozaliwa na figo moja na hawajui mpaka wapigwe picha kwa jambo jingine.

Upande wa mnunuzi si bora sana. Tumemhukumu, na ana la kujibu, lakini naye ni mgonjwa. Figo aliyoinunua imepatikana kwa makaratasi yanayosema uongo kuhusu nani ni jamaa ya nani. Atapanda ndege akarudi kwao na figo changa. Kila swali nililolieleza hapo juu, tarehe, mishipa, kijirija cha plastiki, picha ya kwanza, daktari wa huko atauliza, na majibu yatategemea ukweli wa faili ambalo msingi wake ni uongo. Biashara ya siri haiwezi kuweka kumbukumbu za kweli, na tiba hii bila kumbukumbu za kweli haifanyiki. Kwangu mimi hiyo ni hoja nzito dhidi ya soko la figo kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Wapo wanaosema turuhusu mauzo kwa utaratibu, watu wazima waamue wenyewe juu ya miili yao. Naielewa hoja hiyo, hasa inapotoka kinywani mwa mtu ambaye mama yake anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Lakini anayeuza kwa sababu ya njaa ana kila sababu ya kuficha presha yake, na dalali ana kila sababu ya kumsaidia kuificha.

Kwetu Pwani hali ya kati ndiyo ya wengi. Mgonjwa wa Faza au Garsen ambaye alipandikizwa kihalali kabisa, figo ya dada yake, yuko mbali na faili lake sawa na yule wa Oyugis. Kutoka Mombasa hadi Eldoret ni karibu kilomita 800. Wa Lamu aanze na boti hadi Mokowe. Akipata tatizo usiku, atapelekwa hospitali ya kaunti, na huko mambo mawili yataamua: kuna mashine yenye Doppler na mtu wa kuisoma, na je, kuna picha ya kwanza ya kulinganisha?

Juu ya mashine, serikali haiwezi kusema haikununua. Mwaka 2015 ilianza mpango wa kukodisha vifaa kwa hospitali 98, mbili karibu kila kaunti, ukiwa na vyumba vya radiolojia na mashine za kusafisha damu. Mkataba ulitajwa kwa shilingi bilioni 38, na kamati ya Seneti ikaukosoa vikali mwaka 2020. Tabia ya mipango ya namna ile ni kwamba chuma hufika kabla ya watu. Kuhesabu mashine ni rahisi, kuna utepe wa kukata na kamera za runinga. Mpiga picha aliyefundishwa kupima kasi ya damu kwenye figo ya kupandikizwa hana utepe. Na kipimo cha Doppler kinamtegemea mno mshikaji: pembe ya kifaa ikikosewa, kasi inayosomwa ni ya uongo, na mgonjwa ambaye bado hajakojoa kabla ya kipimo anaweza kuonekana figo imeziba kumbe ni kibofu tu kimejaa.

Kwa sasa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, hulipia usafishaji damu shilingi 10,650 kwa kikao. Mgonjwa wa vikao viwili kwa wiki anazidi shilingi milioni moja kwa mwaka. Figo inayofanya kazi inaokoa fedha hizo, na figo inayopotea kwa sababu hakuna aliyeona mshipa uliosinyaa inazirudisha zote kwenye deni la umma, pamoja na mtu kurudi kwenye foleni ya mashine. Hesabu hiyo mhasibu yeyote wa kaunti anaweza kuifanya.

Ndiyo maana naona mageuzi yanayozungumzwa tangu ripoti ya kamati ya Bukusi yamelenga mlango wa kuingilia na kusahau wa kutokea. Kuhakiki undugu wa mtoaji na mpokeaji, kuwapa leseni vituo, kuwa na daftari la taifa: yote sawa. Lakini daftari linaloandika tu kwamba upasuaji ulifanyika tarehe fulani ni daftari la kuhesabu mapato. Liandike urefu wa figo, idadi ya mishipa, kijirija kimewekwa na kitatolewa lini, kasi ya damu siku ya pili. Liwe na ukurasa wa mtoaji pia, wenye presha na kreatinini yake kila mwaka, na kituo kikishindwa kuujaza kiulizwe yuko wapi. Leseni ya kupandikiza ifungamane na hilo. Kwa waliouza, waziri angeweza kutangaza muda wa kupimwa bure pasipo kukamatwa, maana mlengwa wa sheria awe dalali na anayemlipa dalali.

Na mgonjwa asisubiri waziri. Kama wewe au jamaa yako mnajiandaa kwenda kupandikizwa, popote pale, dai picha ya kwanza kabla ya kuruhusiwa kutoka: si maandishi ya ripoti pekee, bali picha zenyewe, kwenye CD au kwenye simu. Uliza kama kijirija kimeachwa ndani na andika tarehe ya kukitoa ukutani. Ukifika nyumbani zipeleke nakala Hospitali Kuu ya Pwani au ya kaunti yako ukiwa bado mzima, ujulikane, upigwe altrasaundi moja ya kulinganisha. Ukiingia chumba cha picha, kojoa kwanza, halafu sema kabla hujalala kitandani: figo yangu iko hapa mbele, nilipandikizwa tarehe fulani, mshipa ni mmoja au ni miwili. Anayechangisha kwenye kundi la WhatsApp naye aongeze mstari mmoja kwenye tangazo, wa fedha za vipimo vya miezi 24, na mweka hazina asizigawe upasuaji ukishafaulu.